Mtoa Taarifa Namba Saba

Msomaji anayetaka kuijua hali ya ushairi wa Kiswahili katika vyuo vikuu asihangaike na dibaji ya tasnifu, kwani dibaji ni mahali pa kumshukuru msimamizi. Wala asihangaike na hitimisho, kwani hitimisho ni mahali pa kupendekeza utafiti zaidi. Afungue kiambatisho cha mwisho, pale penye jedwali ambalo hata mtahini hulipitia juu juu. Humo, baina ya hojaji na hesabu ya nauli, atamkuta bwana mmoja ambaye kila idara inamjua ila si kwa jina. Anaitwa Mtoa Taarifa Namba 7. Jinsi: mwanamume. Umri: miaka 71. Kazi: mvuvi. Kiwango cha elimu: hana.

Hana elimu bwana huyu. Ni yeye aliyemkatiza mtafiti pale alipousoma ubeti kama anayesoma tangazo la mnada. Ni yeye aliyekumbuka beti tatu ambazo hazimo katika kitabu chochote. Ni yeye aliyeeleza kwa nini neno lile lazima litamkwe kwa ulimi wa kijiji kile na si kwa ulimi wa redio. Na ni yeye aliyemchemshia mgeni muhogo kwa sababu alikuja kutoka mbali na alikuwa hajala. Yote hayo, isipokuwa muhogo, yamo katika Sura ya Nne, tena kwa mpangilio mzuri. Ila mwenye sura hiyo, kwa mujibu wa jalada, ni mtu mwingine, na huyo sasa huitwa Daktari.

Si kwamba Daktari ni mwizi. Aghalabu ni kijana mwema, mwenye bidii, aliyekopa nauli, na ambaye angependa kwa moyo wake wote kumtaja mzee yule kwa jina lake. Mwizi, kama yupo, ni mtindo wa idara. Na idara, kama inavyojulikana na kila aliyewahi kukaa ndani yake, ni kiumbe cha ajabu: haina nia mbaya na mtu, lakini ikishazoea jambo hata kama ni kosa, huliita utaratibu.

Ucheshi wa idara za lugha ni utajiri ambao bado haujachimbwa. Chukua kisa cha chungwa. Fasihi ya Kiswahili ilipoanza kufundishwa kwa Kiswahili chenyewe katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na Idara ya Kiswahili ilipoundwa mwaka 1970, waalimu walikuwa na kazi nzito na ya heshima: kutafuta hata maneno ya kufundishia. Ndipo fani na maudhui vilipopewa kiti cha mbele. Likazuka swali: viwili hivi vinahusianaje? Wapo waliosema ni kama chungwa, fani ikiwa ganda na maudhui nyama yake. Wapo waliosema la, ni kama kikombe na chai iliyomo. Wakaja wengine wakasema chungwa humenywa na kikombe humiminwa, kwa hiyo mifano hiyo inavitenganisha vitu visivyotengana. Sahihi ni sarafu yenye pande mbili. Hoja ya mwisho ilikuwa na nguvu, na kusema kweli mjadala wenyewe ulikuwa na maana siku ulipoanza. Lakini tangu hapo kizazi baada ya kizazi cha watahiniwa kimetakiwa kijadili chungwa, chai na sarafu, na hajasikika hata mmoja aliyepewa alama kwa kujibu kwamba mwenye sarafu aende akanunue chungwa na chai, asubuhi ipite kwa salama.

Halafu kuna vita vya ngeli. Mjerumani Wilhelm Bleek alizipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa namba katika kitabu chake cha mwaka 1862, na Carl Meinhof akauendeleza mpango huo mwishoni mwa karne hiyo. Baadaye wakatokea waalimu walioona kuwa namba ni kitu baridi, wakapanga kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika. Hivyo kitabu kilichoko juu ya meza ni cha ngeli ya 7 kwa mwalimu huyu, na ni cha KI-VI kwa mwalimu yule, na wawili hao wanaweza kukaa ujia mmoja kwa miaka ishirini bila ya kuafikiana, ilhali kitabu chenyewe hakijasogea. Msomaji aikumbuke namba hiyo ya 7. Itarudi.

Hata majina ya idara yana kichekesho chake. Nairobi, tarehe 24 Oktoba 1968, waalimu watatu, James Ngugi ambaye baadaye aliitwa Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Ulikuwa waraka wa kishujaa, na athari yake ilifika mbali. Idara ya Fasihi ikashika nafasi, Afrika ikawekwa katikati ya mtaala, na fasihi hiyo ya Afrika ikaendelea kusomeshwa kwa Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili majina yamekuwa ya vifupisho. Dar es Salaam ilikuwa na TUKI, ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ikawa TATAKI. Zanzibar ikawa na TAKILUKI. Mpenzi wa mashairi ataona mara moja kwamba vina vya mwisho vimelingana kote: ki, ki, ki. Hapo angalau, shairi huru halijaingia.

Na kwa kuwa shairi huru limetajwa, hapana budi kulizungumza, kwani hapo ndipo mzaha unapoanza kugusa mfupa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na watunzi wengi wakakifanya kitabu hicho kuwa kadhi wao. Mwaka 1959 kikaundwa chama cha UKUTA kulinda usanifu wa lugha na ushairi. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyovua vina kama mtu anayevua koti wakati wa joto. Na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaja na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kutetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Kukawaka. Upande mmoja ukasema tungo zisizo na vina ni guni, au ni insha iliyokatwa vipande. Upande wa pili ukasema wale ni wahafidhina wanaohesabu silabi kama muuza duka anayehesabu senti. Magazeti yakajaa, vitabu vikaandikwa, shahada zikatunukiwa. Wapiganaji wa pande zote mbili walikuwa watu wa maana, na kazi zao zitadumu.

Lakini mtu aliyekaa kibarazani Kikwajuni au Mkunguni akiwasikiliza angejiuliza jambo moja dogo: mbona hakuna anayeghani?

Ugomvi wote ule ulikuwa wa karatasi. Waliotetea vina walivitetea kwa macho. Waliovikataa walivikataa kwa macho. Mizani ilipimwa kwa vidole, nane hapa na nane pale, kama kwamba mtunzi wa Pate au wa Mvita alikaa na kuhesabu kabla ya kufungua kinywa. Mtunzi yule hakuhesabu. Alikuwa na mahadhi masikioni, na mahadhi ndiyo yaliyomhesabia. Ndiyo maana Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alirudi kwa watu wa pwani na kuziorodhesha bahari kwa majina yao: utenzi, hamziya, ukawafi, wajiwaji, kimai, wawe na nyenginezo. Mtu akizitazama bahari hizo atagundua kwamba hazikugawanywa kwa idadi ya silabi peke yake. Wawe ni wa wakulima na kazi yao. Kimai ni cha mambo ya maji na vyombo. Zimegawanywa kwa kazi, kwa mahali na kwa sauti. Kuzisoma kimya darasani, kisha kuandika ubaoni idadi ya mishororo, ni sawa na kuusoma mchuzi kwa kuhesabu vipande vya nyama.

Matokeo yake ni kwamba leo mwanafunzi asiye na sikio hata chembe, asiyeweza kutofautisha mahadhi ya utenzi na ya shairi, anaweza kupata alama ya juu kabisa katika somo la ushairi wa Kiswahili. Ataeleza dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Ataeleza tarbia na takhmisa. Ataeleza umaumbo wa Warusi, umuundo wa Wafaransa na udenguzi wa waliowafuata Wafaransa. Mwambie auinue ubeti mmoja kwa sauti na atakuomba radhi, kwani hilo halimo katika mtaala. Kuna chuo gani cha muziki kinachotoa shahada ya udi kwa mtu ambaye hajawahi kugusa uzi?

Hasara ya uziwi huu si ya ladha tu, ni ya elimu pia. Mfano mmoja utoshe. Mtunzi wa Lamu au wa Mombasa anayesema mato ilhali Kiswahili Sanifu kinasema macho atalipanga neno lake katika vina vya to, pamoja na moto, uzito na mvuto. Akaja mhariri mwenye huruma, akaona wasomaji wa bara watatatizika, akasanifisha: mato yakawa macho. Kina kikavunjika. Miaka kumi baadaye mwanafunzi akalichukua toleo hilo, akahesabu, akaandika kwa kujiamini kwamba mtunzi amekiuka urari wa vina, pengine kwa makusudi ya kisanaa, na akaleta nadharia ya ukiushi kutoka ng'ambo ili kulieleza kosa alilolifanya mhariri kwenye meza ya Dar es Salaam au Nairobi. Tasnifu ikapita. Mtoa Taarifa Namba 7 angelimaliza suala hilo kwa neno moja, ila hakuulizwa, kwa sababu Sura ya Tano ni ya uchambuzi, na uchambuzi si kazi ya watoa taarifa.

Neno hilo, mtoa taarifa, lina masikitiko yake. Katika Kiswahili cha kawaida mtu anayetoa taarifa huitoa polisi. Mshairi hatoi taarifa; anatoa elimu, na wakati mwengine anatoa roho yake. Kumwita mtoa taarifa ni kusema kwamba yeye ni kisima na mtafiti ndiye mwenye kiu na akili. Kisima hakijui kina maji, hukaa tu kikingoja ndoo. Na namba aliyopewa inaongeza dhihaka ambayo idara haikuikusudia. Wenye kupanga ngeli kwa namba wanajua kwamba watu wamo katika ngeli ya 1, na kwamba ngeli ya 7 ni ya kiti, kikapu na kitabu. Mzee amehamishwa kutoka mahali pa watu akawekwa mahali pa vitu, na wanasarufi wamo chumba cha pili, hawakushtuka.

Historia ya namba hii ni ndefu kuliko historia ya idara zenyewe. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye mmishenari Mwingereza W. E. Taylor alianza kuzikusanya mjini humo, na aliyemkusanyia, aliyemwandikia na aliyemfafanulia maneno magumu alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Karatasi zikasafiri hadi London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka bin Haji huko Johannesburg, na leo hakuna idara ya Kiswahili isiyomfundisha Muyaka. Wanafunzi wangapi wanalijua jina la Sikujua? Lau si yeye, Muyaka angekuwa jina tupu na hadithi mbili tatu. Hii ndiyo kejeli kubwa kabisa katika taaluma hii: aliyeitwa Sikujua ndiye aliyejua, na wanaojua wote walijua kwa sababu yake.

Au mtazame Haji Gora Haji. Alizaliwa Tumbatu mwaka 1933 na akafariki mwaka 2021. Chuo chake kilikuwa cha Kurani. Baada ya hapo kilikuwa bahari, mitumbwi, majahazi na mizigo ya bandarini. Diwani yake, Kimbunga, ilichapwa na TUKI mwaka 1994, na ikasomwa katika kidato cha tano na cha sita Tanzania kote. Vijana maelfu wametahiniwa juu ya falsafa yake. Tena mtu huyu, ambaye kisanduku cha elimu katika jedwali kingemwandikia "hana", alikusanya maneno ya kwao yakatoka kwa jina la Kamusi ya Kitumbatu, ikachapishwa na BAKIZA mwaka 2006. Kuandika kamusi ni kazi ambayo idara huiundia kamati, na kamati huiombea ufadhili.

Kaskazini alikuwapo Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, mwenyeji wa Lamu, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo iliyochapishwa Leiden mwaka 1979 na Umbuji wa Mnazi wa mwaka 1985. Tungo hizo mbili ni mafunzo kamili: moja inafundisha chombo kinavyoundwa, nyengine inafundisha mnazi na kila kinachotokana nao, zote kwa nahau ambayo mabingwa wa ufundi wenyewe waliitumia. Wasomi kutoka Ulaya na Marekani, na kutoka vyuo vya Afrika Mashariki, walipita mlangoni kwake kwa miongo mingi. Neno runinga linanasibishwa naye. Mtu akiitazama taarifa ya habari katika runinga, ikisema kwamba maprofesa wamekutana kujadili uundaji wa istilahi, basi amemwona Nabhany ingawa hakuonyeshwa.

Idara zitajitetea, na zina haki ya kusikilizwa. Zitasema kwamba bila yao miswada ya kale ingeliwa na mchwa, na hilo ni kweli. Mkusanyiko wa miswada ulioko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni hazina. Zitasema kwamba Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 haikuandikwa kibarazani, na hilo nalo ni kweli. Zitasema kwamba wapo waliofunguliwa mlango: Abdilatif Abdalla alitoka gerezani Kenya mwaka 1972, na taasisi ya Dar es Salaam ikamchukua kufanya kazi ya utafiti, Sauti ya Dhiki, aliyoitunga kifungoni, ikachapishwa mwaka 1973, na baadaye Chuo Kikuu cha Leipzig kikampa darasa la kufundisha kwa miaka mingi. Hiyo ni hoja nzuri sana, ila inaunguza mkono wa anayeishika. Kama mlango uliweza kufunguliwa mwaka ule, kwa mtu aliyekuwa na diwani mkononi mahali pa shahada, kwa nini leo kuna kufuli?

Utetezi mwengine ni wa maadili ya utafiti. Husemwa kuwa majina ya watoa taarifa hufichwa kwa ajili ya usalama wao. Kwa mgonjwa, kwa mkimbizi, kwa mtu anayeisema serikali yake, kanuni hiyo ni ya kiungwana na isiguswe. Lakini mshairi si mgonjwa. Watunzi wa tenzi za zamani walikuwa na ada ya kujitaja katika beti za mwisho: mtunzi hutaja jina lake, pengine na la mzazi wake, mji wake, na mwaka wa Hijria aliomaliza kazi. Katika ushairi wa Kiswahili jina ni sehemu ya umbo. Beti za mwisho ndiyo muhuri, na anayeukata muhuri huo kwa ajili ya kumlinda mtunzi anafanana na mtu aliyeibomoa nyumba ili wezi wasiingie. Mtafiti ameshaandika kurasa hamsini juu ya muundo wa utenzi, akaeleza kwa ufasaha kazi ya beti za mwisho, kisha akageuka akamwita mwenye utenzi Namba 7.

Dawa yake haihitaji ufadhili kutoka nje wala warsha ya siku tatu katika hoteli ya ufukweni, ingawa bila shaka warsha itafanyika. Kwanza, jina. Mzee akiridhia, na aghalabu ataridhia kwa furaha, liandikwe lote, na liandikwe mbele, si kwenye kiambatisho. Ubeti uliopatikana kwake utajwe kuwa ni wake, kama unavyotajwa ukurasa wa profesa. Pili, sauti. Asipewe mtu cheti cha ushairi wa Kiswahili mpaka aghani: bahari tatu, mbele ya watu, na alama zake ziwe na uzito sawa na zile za chungwa na sarafu. Watakaopinga watasema kwamba si kila mtu amejaliwa sauti nzuri. Hakuna aliyesema nzuri. Ghani inatakiwa iwe sahihi. Wapo waghani wenye sauti za kukwaruza ambao huwaliza watu wazima.

Tatu, na hili ndilo litakalowasumbua wakuu wa idara, kiti. Siku ya utetezi wa tasnifu ya ushairi, baina ya mtahini wa ndani na mtahini wa nje, akae malenga mmoja. Asikae kama pambo wala asiitwe mwishoni kusoma shairi la kuwapongeza wageni waalikwa, kazi ambayo malenga wameifanya vya kutosha tangu uhuru. Awe na kalamu, karatasi ya alama na haki ya kufelisha. Aulize swali lake la kwanza kwa lugha yake ya kijijini, na mtahiniwa ajibu kwa lugha hiyo hiyo. Inawezekana tasnifu zikapungua. Inawezekana pia zikawa fupi, kwani malenga akisikia "mkabala wa kinadharia uliotumika" kwa mara ya nne huenda akauliza kama wamefika.

Kikwazo kitakuwa fomu. Kila mtahini hujaza fomu ya malipo, na fomu ina kisanduku cha shahada ya juu kabisa aliyonayo, na kisanduku hicho kikibaki kitupu mhasibu haandiki hundi. Litaitishwa kundi la wataalamu kuijadili fomu. Litakaa mara tatu. Litapendekeza kwamba malenga alipwe kama mtoa taarifa.

Na lau Mwalimu Sikujua angefufuka leo, akavaa kanzu yake, akashika bakora yake, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kwenda kushuhudia tasnifu juu ya Muyaka ikitetewa, mlangoni angemkuta katibu muhtasi na daftari la wageni.

"Shikamoo mzee wangu. Jina?"

"Marahaba mwanangu. Sikujua."

"Basi nenda kaulize kwanza nyumbani, babu, halafu urudi. Ila uwahi, idara inafungwa saa tisa na nusu."